Wakoloni wa zamani wanadaiwa, tatizo ni namna tunavyodai

Kila ukiibuka mjadala wa kama nchi zilizotawala wenzao zina wajibu wa kuzisaidia nchi zilizopata uhuru alafu zikakwama, watu wanagawanyika haraka sana, kuna wanaosema wametunyonya miaka na miaka kwa hiyo watulipe, na kuna wanaosema miaka sitini ya uhuru inatosha, tuache kulialia, viongozi wetu wenyewe ndo wametumaliza. Mi naona pande zote mbili zinaruka kitu kimoja ambacho kingesaidia sana kupunguza ubishi, nacho ni kuangalia ile siku ya uhuru yenyewe na miaka iliyofuata, hela ilitoka mfuko wa nani ikaingia mfuko wa nani. Ukikaa ukaifuatilia vizuri utashtuka, maana mara nyingi sana aliyelipa ni yule aliyetawaliwa.

Chukua Haiti, kesi iliyo wazi kuliko zote. Watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo ndo Haiti ya leo, walipigana na jeshi la Napoleon wakalishinda, wakatangaza uhuru tarehe 1 Januari 1804. Julai 1825 Ufaransa ikapeleka manowari mpaka Port-au-Prince na amri ya mfalme Charles X, kwamba tutawatambua kama nchi huru mkitulipa faranga milioni 150 kwa awamu tano, hela ya kuwafidia waliokuwa na mashamba na watumwa pale. Yaani mtu aliyekuwa mtumwa, au mtoto wake, amlipe fidia aliyekuwa anammiliki kwa sababu hammiliki tena! Na mizinga iko baharini inamwangalia. Rais Boyer wa Haiti akakubali. Sasa Haiti hela hiyo haikuwa nayo, ikabidi kwa awamu ya kwanza ya milioni 30 wakakope kwa mabenki ya huko huko Ufaransa, mabenki yakakata milioni 6 zao juu kwa juu, Haiti ikapata 24 na pengo likazibwa kwa kukomba hazina. Ikawa deni la kulipia deni. Mwaka 1838 jumla ikashushwa mpaka milioni 90 lakini hata hivyo malipo pamoja na mikopo iliyozaliwa na malipo hayo yaliburuza mpaka mwaka 1947, na muda mwingi hela ilikuwa inatoka kwenye kodi ya kahawa, maana yake ni mkulima wa mlimani ambaye hakuwahi kuonana na mfaransa yeyote maishani mwake ndo alikuwa anakatwa.

Mtu akija kuniambia Haiti ni mfano wa watu weusi kushindwa kujitawala namuuliza tu, ni nchi gani unayoijua wewe ingejenga shule na barabara huku mapato yake yanasafiri kwenda Paris kwa zaidi ya miaka mia moja? Hilo ni pengo ambalo halizibwi na rais mmoja mzuri.

Na usidhani Haiti ni kituko cha karne ya 19 kilichotokea mara moja kikaisha. Indonesia walipokabidhiwa nchi yao Desemba 1949, mkataba waliousaini The Hague, Uholanzi, uliwabebesha deni la serikali ya kikoloni, gilda (hela ya Uholanzi) zaidi ya bilioni 4, na wajumbe wa Indonesia walilalamika kabisa mezani kwamba ndani ya hilo deni kuna gharama za vita ambavyo Waholanzi wamevipiga dhidi yao wenyewe. Wakapunguziwa, wakasaini, maana bila kusaini hakuna uhuru, na mpaka wanagoma kuendelea kulipa mwaka 1956 walikuwa wameshalipa sehemu kubwa.

Kenya nayo. Ardhi ya nyanda za juu ilichukuliwa na serikali ya kikoloni ikapewa walowezi, watu wakafukuzwa au wakabaki kama vibarua juu ya ardhi ya babu zao. Ulipokaribia uhuru ukaja ule mpango wa ekari milioni moja, serikali inanunua mashamba ya walowezi kisha inawakatia Waafrika vipande. Inanunua! Na hela ya kununulia, sehemu ilikuwa ruzuku ya Uingereza ila sehemu kubwa ilikuwa mikopo, ya Uingereza na ya Benki ya Dunia na wengine. Kwa hiyo mlowezi alilipwa akaondoka na chake, na yule aliyepewa kiploti akaanza maisha ya uhuru akiwa na deni la serikali lenye riba, analipia udongo ambao babu yake hakuuza kwa mtu. Wapo waliolipa miaka na miaka, wapo walioshindwa wakaishi na hofu ya kunyang'anywa. Mkenya akikuambia ishu ya ardhi kule haijaisha mpaka leo, mizizi mingine iko hapo, japo wakubwa waliojigawia maelfu ya ekari baada ya uhuru nao wana kesi yao ya kujibu na siwatetei hata kidogo.

Lakini kwa mjadala wetu huu hasa, naona Zimbabwe ndo inatakiwa isomwe na kila mtu. Pale Lancaster House, London, kwenye mazungumzo ya uhuru wa Zimbabwe, Desemba 1979 walikubaliana kwamba kwa miaka kumi ardhi haitachukuliwa kwa nguvu, itanunuliwa kwa mwenye shamba anayetaka kuuza, na upande wa wapigania uhuru ulikubali kwa kutegemea kwamba Uingereza itachangia hela ya kununua. Wakati wa uhuru wakulima wazungu kama 6,000 walikuwa wameshika ardhi bora ya nchi nzima. Uingereza ikatoa kiasi, yenyewe inataja pauni milioni 44, na mwendo ukawa wa kinyonga. Alafu Novemba 1997 waziri wa Uingereza aliyekuwa anasimamia maendeleo ya kimataifa, Clare Short, akaiandikia barua serikali ya Zimbabwe akasema serikali yao mpya haikubali kwamba Uingereza ina wajibu maalum wa kugharamia ununuzi wa ardhi Zimbabwe, na akaongeza kwamba yeye asili yake ni Ireland, na wao walitawaliwa, hawakutawala. Yaani swali tunalobishana hapa, Uingereza ililijibu kwa maandishi, na jibu likawa hapana. Asili ya waziri inahusiana nini na deni la nchi? Serikali inarithi majengo, inarithi hazina, inarithi kiti cha kudumu Baraza la Usalama, ikifika kwenye madeni ndo inakuwa mpya?

Yaliyofuata kila mtu anayajua, mwaka 2000 mashamba yakavamiwa, watu wakapigwa wengine wakauawa, mashamba mengi mazuri yakaishia kwa vigogo wa chama na maofisa wa jeshi, uchumi ukaporomoka mpaka ile mfumuko wa bei ya 2008 ambayo noti ilikuwa haifai hata kununulia mkate. Mugabe na watu wake wanabeba mzigo huo na hakuna barua ya London inayowaondolea. Ila Julai 2020 serikali ya Zimbabwe, nchi iliyofilisika, ilisaini makubaliano ya kuwafidia wakulima wazungu dola bilioni 3.5 kwa ajili ya majengo, mabwawa na maendelezo mengine waliyoyaacha kwenye mashamba. Waliofukuzwa kwenye ardhi hiyo hiyo enzi za Rhodesia, jina la Zimbabwe chini ya walowezi, hakuna mkataba wa bilioni hata moja uliowahi kuandikwa kwa ajili yao. Nikifikiria hili huwa naumia kweli.

Sasa hoja ya kwamba haya mambo ni ya zamani mno, waliofanya wamekufa na waliofanyiwa wamekufa, kwanini mlipa kodi wa leo alipe. Hii hoja ina sura nzuri mpaka uangalie walivyofanya wao kwa upande wao. Uingereza ilipofuta utumwa kwenye makoloni yake kwa sheria ya 1833, bunge lilitenga pauni milioni 20, kama asilimia 40 ya matumizi ya serikali kwa mwaka mzima, hela ikaenda kwa waliokuwa wanamiliki watumwa. Watumwa wenyewe hawakupata hata senti, na wengi wakalazimishwa kuendelea kufanya kazi bila mshahara mpaka 1838 eti kama wanafunzi wa kazi. Hela hiyo ilikopwa, na deni lililotokana na mkopo ule lilimalizika kulipwa mwaka 2015. 2015! Kwa hiyo mlipa kodi wa Uingereza wa juzi juzi tu, wakiwemo wazao wa watumwa waliohamia kule kutoka Jamaica na Barbados, alikuwa bado analipia fidia ya wenye watumwa na hakuna aliyesimama akasema hii ni ya zamani tusamehe. Uzamani unakuwa hoja pale tu anayedai akiwa mtu mweusi.

Alafu sio kweli kwamba waliofanyiwa wamekufa wote. Wazee wa Mau Mau walisimama mahakamani London wakiwa hai, wakaeleza walivyohasiwa na kupigwa kwenye kambi miaka ya 1950. Serikali ya Uingereza ilijitetea kwanza kwamba mrithi wa madeni hayo ni serikali ya Kenya (fikiria hiyo, uliyemtesa ndo arithi kosa lako), na kesi ikabadilika baada ya kujulikana kwamba kuna mafaili yalitolewa kwenye makoloni wakati wa uhuru yakafichwa Hanslope Park, jengo la serikali huko Uingereza, mafaili kama 8,800 ya makoloni 37, na mengine mengi yalishachomwa moto. Juni 2013 wakakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, gharama za kesi zikiwa humo humo. Wakaja wengine zaidi ya 40,000 na kesi yao, ikaangushwa 2018, sababu kubwa ikiwa muda umepita. Unaficha karatasi miaka hamsini alafu unamwambia mdai umechelewa.

Hapo ndo nafika kwenye kitu ninachotaka kukisema kuliko vyote. Ukipitia historia hii yote, mkoloni aliyelipa kwa sababu dhamiri ilimsuta sijamwona. Italia ililipa Ethiopia kwa sababu ilishindwa vita vikuu na mkataba wa amani wa 1947 uliiandikia dola milioni 25, wakazungushana mpaka 1956, na sehemu ya malipo ndo bwawa la Koka kwenye mto Awash. Japani iliilipa Korea Kusini mwaka 1965, dola milioni 300 za bure na milioni 200 za mkopo nafuu, kwa sababu Marekani ilitaka washirika wake wawili Asia wapatane na Japani yenyewe ilitaka soko. Nauru, kisiwa cha kilomita za mraba 21 tu, kiliipeleka Australia Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 1989 kwa kuchimbiwa fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea, mpaka kisiwa kikabaki miamba mitupu, Australia ikapinga ikashindwa pingamizi lake 1992, mwaka uliofuata ikaona bora imalize nje ya mahakama kwa dola za Australia milioni 107, na Uingereza na New Zealand zikachangia. Kisiwa chenye watu wachache kuliko mtaa mmoja wa jiji kiliweza kwa sababu kilienda na hesabu, tani ngapi zimechukuliwa, ziliuzwa bei gani, eneo gani limeharibiwa.

Sisi tunaenda na hotuba. Kila mkutano mkuu wa Umoja wa Mataifa kiongozi anasimama anasema Afrika ilinyonywa, ukumbi unapiga makofi, jioni yake anaenda kuomba msaada wa bajeti kwa hao hao. Na msaada ni kitu ambacho mtoaji anaamua mwenyewe atoe lini, kiasi gani na kwa masharti gani. Tanzania ililijua hili mapema, mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa kuchukia uhusiano wetu na Ujerumani Mashariki, Nyerere akawaambia waondoe na uliobaki, na Desemba mwaka huo huo alipovunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao, mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa njiani ukazuiwa. Na Februari 2025 Uingereza ilitangaza inashusha misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato lake la taifa mpaka 0.3 ifikapo 2027 ili ipate hela ya ulinzi. Ni hela yao, wameamua kuitumia kwingine. Ndo maana mtu anayetetea wajibu wa wakoloni kwa kutetea misaada naona anapoteza kesi nzuri kwa mikono yake.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu sana, kwamba hata wakilipa hela itaibiwa. Ni kweli inaweza kuibiwa. Nauru hao hao niliowasifia walikuwa na mfuko wa akiba wa fosfeti ambao viongozi wao waliuteketeza kwenye uwekezaji wa hovyo, hadi kuna hela ilienda kugharamia igizo la muziki London, na kufika 2001 nchi iko hoi inakubali kulipwa na Australia iwawekee wakimbizi ambao Australia haiwataki. Korea Kusini nao, hela ya Japani ilijenga kiwanda cha chuma cha Pohang kilichobadilisha uchumi wa nchi, lakini wale waliotumikishwa kwa nguvu kwenye viwanda na migodi ya Japani waliambulia kidogo sana, serikali ilisaini kwa niaba yao bila kuwauliza, ndo maana mpaka 2018 bado mahakama yao ya juu kabisa ilikuwa inatoa hukumu kampuni za Japani ziwalipe wazee waliobaki.

Ila mtu akikuvunja mguu alafu ukazembea kwenda hospitali, uzembe wako haumfutii kosa aliyekuvunja. Wizi wa viongozi wetu unabadilisha namna ya kulipwa, haubadilishi kama tunadai au hatudai. Na wanaotuonyesha Botswana kwamba mbona wao wamefanikiwa, nakubali, Botswana walikuwa maskini wa kutupwa 1966 na wakatumia almasi zao kwa akili, lakini Botswana haikuvamiwa ikachukuliwa ardhi kama Kenya wala haikulipishwa uhuru kama Haiti, kila nchi ina hesabu yake na ndo maana nakataa ile lugha ya kusema Afrika yote inadai Ulaya yote kitu kimoja kikubwa kisicho na jina.

Kinachonisumbua kwenye makubaliano mengi ya sasa ni nani anakaa mezani. Ujerumani na serikali ya Namibia walikuja na tamko lao mwaka 2021, euro bilioni 1.1 ndani ya miaka 30 kwa ajili ya miradi, kwa mauaji ya Waherero na Wanama ya 1904 mpaka 1908, ambapo jenerali wa Ujerumani von Trotha alitoa amri ya maandishi kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka apigwe risasi. Ujerumani ikahakikisha kisheria isiitwe fidia. Na Waherero na Wanama wenyewe, wengi wa viongozi wao wa jadi wakasema hatukushirikishwa kama inavyotakiwa, wakaenda mahakamani Windhoek 2023. Hawa ni watu ambao kwenye nchi yao mpaka leo kama asilimia 70 ya mashamba ya kibiashara yenye hati yako mikononi mwa jamii ya walowezi, na miradi ya serikali ya maji na umeme hata ikiwa mizuri haigusi hilo. Rais wa Ujerumani Steinmeier alikuja pia Songea Novemba 2023 akaomba msamaha kwa Maji Maji, vita ambavyo makadirio ya vifo yanafika 300,000, wengi kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa makusudi. Ule msamaha naona ulikuwa wa kweli na familia ya Songea Mbano, chifu wa Wangoni, walistahili kuusikia. Lakini ukoo unaotafuta fuvu la babu yao tangu anyongwe 1906 unastahili zaidi ya ziara ya siku moja, unastahili bajeti ya utafiti, mafaili yote yafunguliwe, na maeneo yaliyochomwa yaorodheshwe kijiji kwa kijiji.

Wakiniuliza wanadaiwa nini hasa ningeanza na mafaili, yote, yaliyofichwa London, Brussels, Paris na kwingine, kwa sababu bila karatasi hatuna kesi na wao wanalijua hilo ndo maana walizichoma. Alafu madai ya watu wenye majina, wadai wenyewe wakiwa mezani na hela ikipita kwenye mfuko ambao serikali peke yake haiwezi kuugusa. Haiti warudishiwe kilichochukuliwa, kisa chake kinajulikana na ile tume ya wanahistoria ambayo rais wa Ufaransa Macron aliiunda Aprili 2025 haina cha kugundua zaidi ya kiasi.

Na kubwa kuliko yote kwa nchi nyingi ni kuacha kutuzuia kukusanya kilicho chetu. Novemba 2023 kundi la nchi za Afrika lilipeleka azimio Umoja wa Mataifa la kuanza kuandika mkataba mpya wa ushirikiano wa kodi, ili kampuni inayochimba au kuuza kwetu ilipe kodi kwetu badala ya kuhamishia faida kwenye visiwa visivyotoza kodi. Nchi 125 zikasema ndiyo, 48 zikasema hapana, na kwenye hizo 48 utazikuta Uingereza, Ufaransa, Ubelgiji, Ujerumani, Ureno, Italia, Uholanzi, Hispania. Walikuwa hawaombwi hata shilingi ya kutoa! Walikuwa wanaombwa wakae chini tuandike sheria pamoja. Mazungumzo ya huo mkataba yanaendelea na yamepangwa kukamilika 2027, na mi wakoloni wa zamani nitawapima kwa watakavyosaini au kukataa kusaini pale, huku nikizidai serikali zetu ziende kwenye kile chumba na wanasheria na wahasibu wa kutosha.